Kwanza maji, kisha pambo

Wanaodai kuwa chemchemi za mapambo ni anasa kwa Musoma na Bunda, maadamu wananchi bado wanahitaji maji, wanasahau historia. Chemchemi ya Trevi ya Roma, iliyokamilika 1762, hulishwa na mfereji uliojengwa mwaka 19 KK ili kuleta maji mjini. Huduma ilitangulia, pambo likafuata. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sanamu zinazopamba chemchemi ni urithi wa wakoloni. Kweli, ile ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyosimamishwa Dar es Salaam 1909, iling'olewa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na sanamu ya Askari ikachukua nafasi yake 1927. Lakini Waafrika nao husimamisha sanamu zao: Februari 2024 sanamu ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, jirani na Musoma, ilizinduliwa Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika. Musoma basi ijenge kilula cha umma, kisha ikipambe kwa sanamu ya Mwalimu.