Mfumo wa Zahanati Upimwe Goziba

Zahanati na vituo vya afya wilayani Muleba vinazidi kuongezeka, na pamoja navyo madaftari ya wagonjwa yanazidi kurundikana. Si ajabu basi kuwa wakuu wa vituo, vya Serikali na vya mashirika ya dini, wanahitaji mifumo ya kompyuta ya kuandikisha wagonjwa, kutunza hesabu za dawa na kudai malipo ya bima. Jambo hilo ni jema na tunaliunga mkono. Tunauliza tu: mfumo huo unachaguliwa kwa ajili ya nani?

Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, nao ulikuwa katika Mkoa wetu wa Kagera. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mgonjwa wa kwanza alidhaniwa kuwa alisafiri kutoka kisiwa cha Goziba, akaugua baada ya kufika kijijini kwake, Wilaya ya Bukoba. Walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Wahudumu wa afya nao waliambukizwa. Hatudai kwamba kompyuta ingaliwaokoa. Lakini tukio lile lilidhihirisha jambo ambalo kila mkazi wa visiwani analijua: mvuvi hakai mahali pamoja. Leo yuko Goziba, kesho samaki wakiadimika yuko Kerebe au Ikuza, na akizidiwa hupakiwa chomboni kupelekwa nchi kavu. Huko huenda akalazwa Rubya, hospitali ya Kanisa Katoliki, au Ndolage, hospitali ya Walutheri, na daktari anayempokea hana habari ya dawa alizopewa juzi.

Mkoa huu, ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa ndani yake mwaka 1983, haukosi mfano wa kufuata. Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya UKIMWI hupewa kadi yenye namba yake, akaibeba mwenyewe popote aendapo. Mfumo wa kompyuta usioweza kufanya angalau hilo ni daftari lenye umeme tu.

Serikali, kupitia TAMISEMI, ina mfumo wake wa GoT-HOMIS. Hospitali za dini nazo zina uhuru wa kuchagua mwingine. Hatuoni ubaya wowote, ilimradi mifumo hiyo isomane. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, wakuu wa vituo na wamuulize muuzaji: je, rufaa iliyoandikwa Bumbire itasomeka Rubya bila mtu kuinakili upya? Naye aonyeshe kwa vitendo, asijibu kwa maneno.

Wauzaji hupenda kuonyesha bidhaa zao katika ukumbi mzuri mjini Bukoba, mtandao ukiwa imara na chai ikiwa mezani. Visiwani mtandao hukatika, na umeme wa jua hupungua siku za mawingu. Mfumo unaokwama kila mtandao unapokatika utamrudisha mhudumu kwenye karatasi katika juma la kwanza. Tena zahanati ya kisiwani mara nyingi ina watumishi wachache mno, na yule anayezalisha ndiye huyo huyo anayetakiwa kubonyeza vitufe.

Liko pia suala la siri. Visiwani watu wanajuana, na habari ya ugonjwa husafiri haraka kuliko boti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inavibana vituo katika jambo hili. Mkataba ueleze ni nani anaruhusiwa kufungua jalada la mgonjwa, na useme waziwazi kwamba muuzaji akifunga duka lake, kumbukumbu zote zitabaki mikononi mwa kituo, tena katika hali inayoweza kusomwa na mfumo mwingine.

Tunaishauri Halmashauri ya Wilaya ya Muleba na wenye hospitali za dini wakae meza moja kabla ya yeyote kutia sahihi. Kisha mfumo utakaopendekezwa ujaribiwe kwa miezi mitatu katika zahanati moja ya kisiwani, na mhudumu wa zahanati hiyo awe mjumbe kamili wa kamati ya uteuzi.