Possessed: tusikilize sauti ya Becerra mbele ya kutazama kiti chake

Kundi la Possessed, kutoka eneo la San Francisco huko Marekani, lilitoa albamu yake ya pili mwaka 1986. Ya tatu, Revelations of Oblivion, imetoka tarehe 10 mwezi wa tano 2019. Ni miaka 33. Katikati ya albamu hizo mbili kuna risasi.

Mwaka 1989, wakati kundi lilikuwa limekwisha kuvunjika, majambazi walimpiga risasi mwimbaji Jeff Becerra. Tangu siku hiyo amepooza kuanzia kifuani kwenda chini. Msomaji wa Goma ao Bukavu hahitaji kuelezwa risasi moja inaacha nini ndani ya nyumba. Ndiyo maana naogopa tutaisikiliza albamu hii kwa huruma, na huruma ni sikio baya.

Tuliona hayo na ndugu zetu wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa. Walipotoa Très très fort mwaka 2009, wangapi walizungumzia viti vyao na ugonjwa wa polio mbele ya kusema lolote juu ya rumba yao? Kumpigia mtu makofi kwa sababu tu amefika jukwaani ni njia ya adabu ya kukataa kumsikiliza.

Basi tusikilize. Becerra na wenzake walikuwa bado wanafunzi wa sekondari walipotoa Seven Churches, mwaka 1985. Walichukua thrash, ule muziki wa gitaa za mbio uliokuwa ukiwaka San Francisco na makundi kama Metallica na Exodus, wakauongezea giza na sauti ya kunguruma. Wimbo wa mwisho waliuita Death Metal, yaani metali ya kifo, na leo hilo ni jina la muziki wenyewe. Kwetu, kwenye makanisa mengi, jina la kundi peke yake linatosha kufunga mjadala. Lakini yale makanisa saba ya kichwa cha albamu yanatoka katika Ufunuo wa Yohana, na vitisho vyao vinafanana zaidi na filamu ya kuogofya kuliko ibada yoyote.

Katika Revelations of Oblivion Becerra ndiye amebaki peke yake kati ya wale wa zamani. Zamani aliimba huku akipiga gitaa la besi. Sasa besi iko mikononi mwa Robert Cardenas. Gitaa za Daniel Gonzalez na Claudeous Creamer zinakimbia kama za mwaka 1985, ila sasa unasikia kila noti, kitu ambacho Seven Churches haikukupa kamwe.

Na sauti? Kunguruma namna hiyo kunahitaji pumzi inayosukumwa na misuli ya tumbo, misuli ambayo kwa mtu aliyepooza kuanzia kifuani haisaidii inavyopaswa. Halafu sikiliza No More Room in Hell: maneno yanatoka makali, yanafika kwa wakati, wala hayakokotwi na ngoma za Emilio Marquez. Anastahili sifa hapo, kama fundi. Kilio hakina kazi.

Kasoro zipo pia, na ni heshima kuzitaja. Albamu inapita dakika 50. Baada ya nusu, nyimbo mbili tatu zinafanana kiasi kwamba nililazimika kuangalia kama simu yangu imerudia wimbo. Seven Churches haikufika dakika 40, na ufupi huo ulikuwa sehemu ya nguvu yake. Ningekuwa mtayarishaji, ningeondoa nyimbo mbili, ila Graven ningeibakiza hapo hapo karibu na mwisho, maana ndipo gitaa mbili zinaposhindana kweli. Asiye na muda aanze na huo, kwa sauti ya juu, kama majirani wanaruhusu.