Mbona wa Mtaani Hawaonekani?

Muhula uliopita nilisimama mbele ya darasa kuwasilisha projekti. Nilikuwa nimewahoji wanafunzi 40 wa hosteli na 40 waliopanga mtaani: kwa siku unalala saa ngapi, unajisomea saa ngapi? Grafu ikawa na nukta za bluu kwa wa hosteli, nyekundu kwa wa mtaani. Nikatangaza kwa kujiamini kwamba makundi haya mawili yanaishi maisha tofauti kabisa.

Mhadhiri akauliza swali moja tu: “Umesema wa mtaani ni 40. Mbona mimi nahesabu tisa?”

Jamani, nilitoka jasho. Data ilikuwepo yote. Kumbe nukta nyekundu 31 zilikuwa zimefunikwa. Watu hujibu kwa namba kamili, 6 au 7, kwa hiyo majibu mengi huangukia sehemu moja. Excel nayo huchora kundi moja baada ya jingine kwa kufuata orodha, na la mwisho hukaa juu. Mimi niliwaweka wa hosteli mwisho bila hata kufikiri.

Sasa ubaya wenyewe ndio huu. Nukta hufunikwa pale makundi yanapofanana. Wale tisa walioonekana ni wale tu ambao majibu yao hayakulingana na ya mtu yeyote wa hosteli. Yaani grafu ilificha kufanana na kubakiza tofauti, nami nikaita hayo matokeo. Hebu fikiria kama mtu angepanga sera ya makazi kwa picha ile.

Tatizo hili si la kompyuta. Mwaka 1858 Florence Nightingale alichapisha mchoro wa vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Crimea, kwa rangi tatu zinazopandana. Kwa Oktoba 1854 na Aprili 1855 rangi nyeusi na nyekundu zililingana, akaandika hivyo hapohapo kwenye mchoro ili msomaji asidhani kuna kundi halina vifo. Sisi wenye laptopu tunashindwa nini?

Dawa zipo, wala hazina gharama. Tumia maumbo tofauti yasiyojazwa rangi, duara kwa hawa, msalaba kwa wale. Punguza ukolezo wa rangi ili ya chini ionekane. Kwa namba kamili, sogeza kila nukta kidogo tu kwa kubahatisha. Wanaotumia R wanayo geom_jitter. Makundi yakiwa mengi, chora grafu ndogondogo zenye skeli ileile.

Wapo watakaosema kusogeza nukta ni kupika data. Hapana. Hesabu zote unafanya kwa namba halisi. Kinachosogea ni picha, na unalisema hilo chini ya grafu. Kuwaficha watu 31 bila kusema ndiko kupika.

Miongozo ya projekti hutubana kwa ukubwa wa herufi na upana wa pambizo. Naomba idara ziongeze sharti moja: kila grafu itaje idadi ya nukta za kila kundi. Na wewe, kabla hujakimbilia steshenari kuprinti, badili mpangilio wa makundi uone. Picha ikibadilika, ujue kuna watu umewafunika.