Nusu Ukurasa wa Maisha



Wenzangu tuliomaliza pamoja shule ya sekondari hapa Kampala mwaka 1972 tumekubaliana kukutana, na kila mmoja ametakiwa aandike nusu ukurasa juu ya maisha yake tangu siku zile. Niliketi nikaorodhesha kazi, ndoa, watoto na nyumba. Nilipoisoma orodha ile, niliiona kama barua ya kuombea kazi.

Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke nchini katika siku 90. Jirani yangu wa dawati aliondoka kabla hatujafanya mtihani. Aliniachia kamusi yake, nami nikaahidi kuirudisha. Mwaka 1979, utawala ule ulipoangushwa, nyumba yetu iliporwa. Kamusi ilisalia kwa kuwa hakuna aliyeitamani. Miaka yote hiyo sikumtafuta mwenyewe.

Basi karatasi ya kwanza nimeichana. Katika ya pili nimeandika nani aliniachia kamusi, nani aliniongezea karo, na nani nilimkosea nisimwombe radhi.

Nanyi mnaojiandaa kwa mikutano ya namna hii, acheni kuhesabu vyeo na magari. Mwenzenu aliyepungukiwa akisikia hesabu hiyo ataona haya, asije tena. Lakini deni la wema hakuna asiyekuwa nalo, tajiri wala maskini.

Anwani ya jirani yangu imepatikana: yuko Leicester, Uingereza. Jumatatu naipeleka kamusi posta.