Wimbo Katika Kinywa cha Binti Yetu



Juma hili tunajibu ulizo ambalo limerudi mara nyingi katika vikundi vyetu. Akina mama wanasema: binti zetu wanaimba nyimbo za redio na za telefone tangu asubuhi wakitwanga sombe mpaka usiku. Wengine wanataka kuingia orkesta. Je, tuwakataze ao tuwaache?

Tunajua woga unatoka wapi. Kwetu msichana anayeimba mbele ya watu anaitwa haraka jina baya. Lakini msichana yule yule akiimba katika korali ya parokia ao katika kasida za arusi, tunampigia vigelegele. Sauti ni moja. Basi tusiogope sauti. Tutazame njia ambayo sauti inapita.

Tukumbuke kwanza wanawake wanne wa nchi yetu ambao sisi wenyewe tulicheza nyimbo zao.

Abeti Masikini alizaliwa Kisangani, katika Kiswahili hiki hiki chetu. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa kiongozi wa Jimbo la Mashariki, akauawa mwaka wa 1961 pamoja na wafuasi wengine wa Lumumba. Yatima huyo alifika kuimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata katika Carnegie Hall, New York. Alifariki mwaka wa 1994.

M'Pongo Love, mzaliwa wa Boma, alikuwa na ulemavu tangu utotoni. Kabla ya kujulikana alifanya kazi ya sekretari. Mwaka wa 1976 nchi nzima ilimsikia na wimbo "Pas possible Maty". Alikufa mwaka wa 1990, hajafika miaka 40, lakini wimbo wake "Ndaya" ungali unapigwa katika arusi.

Mbilia Bel alianza kama mwitikiaji wa Abeti, angali msichana. Mwaka wa 1981 aliingia Afrisa ya Tabu Ley. Wimbo wake "Mpeve ya Longo" unasimulia mwanamke aliyeachwa na bwana yake, akabaki kulea watoto peke yake. Wanawake wengi waliusikia kama habari ya nyumba yao.

Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua mutuashi, mchezo wa Waluba wa Kasai, akaupeleka mpaka Ulaya. Katika "Tshibola" aliimba juu ya mwanamke asiyepata mtoto, jambo ambalo watu husemea pembeni tu. "Karibu Yangu" jina lake ni la Kiswahili. Alifariki Kinshasa Desemba 2022.

Mtasema: hao ni wa Kinshasa, sisi tuko mbali. Lakini kuna jambo moja katika maisha yao linalotugusa sisi na binti zetu. "Ndaya", wimbo wa mke anayefurahia ndoa yake, ulitungwa na mwanamume, Mayaula Mayoni. Nyimbo nyingi za Mbilia Bel wakati wa Afrisa zilitungwa na Tabu Ley. Si vibaya, walikuwa mafundi, na kuna mwanamume anayejua kusema uchungu wa mwanamke. Lakini anayetunga ndiye anayechagua mwanamke aseme nini. Na feza ya wimbo nayo inajua njia ya kurudi kwa mwenye kuutunga.

Hata mbali kuna mfano. Eriko Mukoyama, binti wa Japani, alikwenda Kenya kujifunza nyatiti, chombo cha nyuzi 8 cha Wajaluo. Kwa desturi kilikuwa chombo cha wanaume. Alikaa kijijini kwa mwalimu mzee, akapewa jina la Anyango, na leo anajulikana kwa jina hilo mpaka kwao. Mgeni alifunguliwa mlango uliokuwa umefungwa kwa mabinti wa kijiji kile. Tujiulize: hapa kwetu, ngoma gani tunawanyima mabinti wetu, ambayo siku moja mgeni atakuja kufundishwa mbele ya macho yao?

Kwa hiyo tunasema: msimkataze binti kuimba. Kaa naye, sikilizeni pamoja, na muulize maulizo matatu.

La kwanza: katika wimbo huu ni nani anasema, na anamwonaje mwanamke? Kuna nyimbo zinazomfanya mwanamke kuwa mtu wa kununuliwa. Usizime redio kwa hasira. Mwambie binti akueleze maneno kwa Kiswahili, kama wimbo ni wa Lingala ao wa Kifaransa. Mara nyingi ataona mwenyewe.

La pili: ni nani aliyetunga? Kama binti ana sauti nzuri, mpe kazi ya kutunga maneno yake, hata ya kutwanga mpunga, hata ya kumbembeleza mdogo wake. Sisi Wazimba, Wakusu na Wabangubangu tuna nyimbo za kulala, za shamba na za kilio ambazo bibi zetu walitunga bila kuomba kalamu kwa mtu. Binti asiyezijua anadhani kwamba nyimbo hutoka Kinshasa tu.

La tatu: ni nani anakula feza? Hapa sheria iko upande wetu. Katika nchi yetu sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtungaji. Aliyetunga maneno ao sauti ya wimbo ni mwenye wimbo, awe fundi wa Kinshasa ao mama wa shambani. Vikundi vyetu vinatunga nyimbo za tarehe 8 mwezi wa 3, za chanjo na za amani. Watu wanakuja, wanazinasa kwa telefone, wanaondoka. Tangu sasa, kila kikundi kiandike katika kaye maneno ya wimbo, majina ya waliotunga na tarehe. Kaye ile ikae pamoja na ile ya likelemba. Mtu akitaka kunasa, aandike jina lake na kazi atakayoufanyia wimbo.

Sasa, binti akipata mwito wa orkesta, tufanye nini? Kwanza, masomo yasikatwe. Mazoezi ni mchana, na mtu mzima wa nyumba anajua ni wapi na yuko na nani. Mwenye orkesta aje nyumbani kuongea na wazazi; anayekataa kuja nyumbani amekwisha kujibu. Binti asitie sahihi karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya watu wanaoielewa. Na kama "kazi ya muziki" inageuka kuwa posa, mkumbushe huyo bwana kwamba sheria haikubali ndoa kabla ya miaka 18.

Kwa mama aliyeolewa na anayeimba, kuna habari pia. Kanuni ya Jamaa ya mwaka wa 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kufanya mapatano ya kisheria. Sheria ya Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana wote wawili. Maana yake, bwana naye anapaswa kukuuliza. Wengi katika vijiji vyetu hawajasikia habari hiyo. Isomeni katika mkutano, na wababa wakiwapo.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kila kikundi kichague wimbo mmoja wa bibi, kiufundishe kwa wasichana watano, na kuwaomba waongeze ubeti mmoja wao wenyewe. Mwandike ubeti ule katika kaye, pamoja na jina la aliyeutunga. Hata akiwa na miaka 9, jina lake liandikwe.