Injili ni Mwaliko wa Karamu

Apitaye katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi wakati wa chakula cha mchana hakosi kumsikia mhubiri akilinadi neno la Mungu. Mwenzake yumo katika basi liendalo mashambani. Aghalabu sauti hupaa, kidole hunyooshwa, na abiria aliyejiinamia kwa uchovu huambiwa kwamba huenda kesho akaamkia jehanamu. Sina nia ya kuwanyima wahubiri hawa haki ya kunena. Ninachouliza ni hiki: je, wanachokinena ni Injili?

Sisi wanafunzi wa lugha twafahamu fika kuwa ujumbe hautengani na sajili inayoubeba. Asili ya neno 'Injili' ni Kiyunani, nasi tulilipokea kupitia Kiarabu. Maana yake ni habari njema. Ilhali msamiati wa mahubiri mengi tunayoyasikia ni wa mahakamani: shtaka, ushahidi, hukumu, adhabu. Mleta habari njema akivaa uso wa mleta tanzia, msikilizaji atauamini uso kabla ya kuyaamini maneno.

Hebu tuisome Biblia yenyewe kwa jicho la uhakiki. Katika Luka sura ya 15 mna mifano mitatu: kondoo aliyepotea, sarafu iliyopotea na mwana mpotevu. Mchungaji anawaita majirani washangilie, mwanamke vivyo hivyo, naye baba anamchinja ndama aliyenona. Anayebaki nje akinuna, huku akiyahesabu makosa ya nduguye, ni kaka mkubwa. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu huhubiri kwa sauti ya kaka huyo na kudai kuwa tumetumwa na baba.

Mfano mwingine ni wa Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko. Yesu alimwita kwa jina ateremke mkuyuni, kisha akajialika nyumbani kwake. Hakumsomea orodha ya dhuluma zake. Zakayo alimkaribisha kwa furaha, na ahadi ya kurejesha mara nne alichokinyang'anya ikatoka kinywani mwake mwenyewe. Mpangilio wa vitushi ni bayana: furaha ilitangulia, toba ikafuata.

Wapo watakaopinga kwamba furaha isiyo na onyo ni kuipaka dhambi mafuta. Hoja hii ina uzito. Yohana Mbatizaji alikemea. Humu nchini, Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge na Kasisi Timothy Njoya waliukemea utawala wa chama kimoja katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, tuzingatie karipio lao lilielekezwa wapi. Liliwapandia wenye nguvu kwa ajili ya wanyonge. Karipio tulilozoea leo huwashukia wanyonge. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa, hutengwa na kukalishwa kiti cha nyuma, naye kijana aliyempa mimba huendelea kuimba kwayani. Msichana huyo hajaongolewa, amefukuzwa. Akiondoka, huondoka na mwanawe.

Fauka ya hayo, furaha ninayoitetea haina uhusiano na vichekesho vya madhabahuni wala ahadi za utajiri wa haraka. Ni furaha ya mtu aliyepokelewa, naye akataka wengine wapokelewe. Marehemu Angela Chibalonza, aliyefariki mwaka wa 2007, aliimba kwa furaha ya aina hii, na nyimbo zake zingali zinaimbwa. Hakuna aliyetishwa ndipo azikariri.

Wanafunzi wenzangu, vyuoni mwetu mna vijana waliovunjika moyo kwa karo, kwa mapenzi na kwa kukosa tumaini la ajira. Mengi ya makosa yao wanayajua kutuliko. Wasichokijua ni kwamba wameandaliwa nafasi mezani. Anayewaendea na awaulize hali kwanza, awasikilize, ale nao chajio, ndipo aseme alichonacho. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa kweli tuna habari njema, basi tuiseme kama watu walioifurahia.