Mkono hujazwa kwa nyuma

Kijana akiingia karakanani kwangu hapa Gerezani, Dar es Salaam, amevaa singlendi na ameshika simu yenye picha ya jibaba la miraba minne, huwa nalijua agizo lake kabla hajamaliza shikamoo. Anataka baa fupi iliyopinda kidogo katikati, pamoja na sahani za kilo tano tano. Baa hiyo ni ya kukunjia mkono, ili kuutoa msuli wa mbele, baisepsi, ule unaofura mtu akikunja ngumi kupigwa picha. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na vyuma vya mazoezi vinanilisha vizuri kuliko mageti. Sina sababu ya kibiashara ya kulalamika. Lakini nalalamika, kwa sababu wateja wangu wananunua nusu ya kazi, tena ile nusu ndogo.

Mkono wa juu, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, una nyama nyingi nyuma kuliko mbele. Msuli wa nyuma, traisepsi, una vichwa vitatu na huchukua zaidi ya nusu ya unene wote wa hapo. Baisepsi ina vichwa viwili tu, na hata huko mbele haikai peke yake. Chini yake umejificha msuli mwingine, brakialisi, ambao kwa kazi ya kukunja kiwiko una nguvu kuliko baisepsi yenyewe. Kwa hiyo kijana anayekunja mkono asubuhi na jioni huku hasukumi kitu chochote, anahangaika na kipande kidogo cha mkono na kuliacha pande kubwa limelala. Akivaa shati la mikono mifupi halimbani, halafu anakuja kuniambia vyuma vyangu ni vyepesi.

Msuli wa nyuma kazi yake ni kunyoosha kiwiko. Unaamshwa kwa kusukuma: pushapu za viganja vilivyokaribiana, kulala chali na kusukuma baa, na zaidi ya yote kushuka na kupanda kati ya mabomba mawili yaliyolala sambamba. Kichwa kimojawapo cha traisepsi, kile kirefu, kimeanzia kwenye mfupa wa bega. Ndiyo maana kinavutika sawasawa mtu anapoinua mikono juu, akashusha chuma nyuma ya kisogo, kisha akanyoosha. Mwaka 2022 watafiti walilinganisha zoezi hilo na lile la kunyoosha kiwiko mikono ikiwa imelala ubavuni, na msuli uliofanyishwa kazi juu ya kichwa ulikua zaidi. Zoezi lenyewe linahitaji chuma kimoja tu cha kushikwa kwa mikono miwili. Sijawahi kuagizwa chuma kwa ajili yake.

Sisemi mbele pasiguswe. Sisi mafundi baisepsi tunaijua kwa bisibisi: ukikaza skrubu ngumu kwa mkono wa kulia, kiwiko kikiwa kimekunjwa, shika mkono wako wa juu kwa kiganja cha pili, utauhisi msuli wa mbele unakakamaa. Baisepsi hukunja kiwiko, na pia huzungusha kiganja kielekee juu. Ukiinua chuma kiganja kikiwa juu, unaifanyisha kazi zote mbili. Ukikishika chuma kama nyundo, dole gumba likiwa juu, mzigo zaidi unaenda kwa brakialisi. Na ukijivuta kwenye bomba viganja vikikutazama, unafanyisha kazi mkono na mgongo kwa pamoja, bila kununua kilo hata moja.

Sasa nije kwenye vyuma vyenyewe. Mitaani kwetu vijana wengi huanza na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yameunganishwa kwa bomba. Nawaheshimu. Kopo la lita 4 likijaa zege lina uzito wa kati ya kilo 8 na 10, ikitegemea mchanga, kokoto na lilivyoshindiliwa. Hapo ndipo penye tatizo: kopo la kulia linaweza kulizidi la kushoto kwa kilo nzima na mwenyewe asijue. Miye sahani zangu nazikata kwenye chuma cha magari mabovu, ngoma za breki za malori na gia zilizokufa. (Kipande cha reli sikipokei hata kiletwe usiku wa manane, hicho kina mwenyewe, naye ni Serikali.) Kila sahani naipeleka kwenye mzani wa muuza chuma chakavu jirani yangu, kisha naichomelea namba ya uzito wake. Wateja hudhani namba ni pambo.

Msuli haukui kwa kuzoea uzito ule ule. Hukua kwa kuongezewa kazi kidogo kidogo: leo marudio 8, wiki ijayo 9, baadaye 12, ndipo unaongeza uzito na kurudi kwenye 8. Mwenye chuma cha kilo 10 na kingine cha kilo 15, na katikati hana kitu, anatakiwa aruke nusu nzima ya uzito wake kwa siku moja. Atarusha mgongo nyuma, atayumbisha kiuno, chuma kitapanda lakini mkono hautakuwa umekipandisha. Ndiyo maana nachonga visahani vya nusu kilo, vidogo mfano wa kisosi. Havinunuliwi kwa sababu havipendezi kwenye picha. Vinakaa rafuni vinashika kutu.

Lipo na jambo jingine ambalo wenye vyuma vichache wangefurahi kulijua: uzito si lazima uwe wa kuogofya. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba chuma chepesi kinachorudiwa mara 20 au 30 kinaweza kukuza msuli sawa na kizito cha marudio 8, mradi tu mtu aendelee hadi karibu na pale mkono unapokataa. Kinachopungua ni nguvu za kuinua mzigo mzito mara moja; hizo zinataka uzito. Lakini unene wa mkono hauchagui. Seti kama 10 (yaani mikupuo ya marudio) kwa wiki kwa kila msuli zinatosha kumbadilisha kijana, zikigawanywa siku mbili au tatu, na katikati apumzike, alale.

Chakula nakisema kwa haraka kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Wanaofanya utafiti wa mambo haya wamefika kwenye takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Robo kilo ya maharage, yakipimwa makavu, ina zaidi ya 50. Mayai matatu yana 18 hivi, nusu lita ya maziwa 16, na unga wa sembe anaousonga mchana na jioni unaleta 20 na ushee. Imetimia, na hapo dagaa hawajaguswa. Kopo la unga wa protini lenye picha ya simba si dhambi, ila ni maziwa yaliyokaushwa na kupandishiwa bei.

Dhambi ninayoiona ni sindano za homoni. Siku hizi ananijia kijana ambaye mwaka jana alikuwa mwembamba, mabega yamejaa chunusi, kifua kimeanza kuota matiti, na ananong'ona kuhusu "dozi". Homoni hizo zinajenga msuli kweli, sitawadanganya. Mwanariadha Ben Johnson alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, kisha akanyang'anywa medali baada ya kukutwa na stanozololi, dawa ya aina hiyo hiyo. Lakini mwili ukiletewa homoni kutoka nje hufunga kiwanda chake: korodani husinyaa, mbegu hupungua au kwisha kabisa, na moyo hupata shida yake kimyakimya. Kijana anatafuta uanaume kwa dawa inayomnyima mtoto. Na wapo wanaodunga mafuta moja kwa moja kwenye mkono ili ufure. Huo si msuli. Hauinui hata ndoo ya maji, na usaha ukishaingia, kisu cha daktari ndicho hufuata.

Mimi nadhani wanaokimbilia huko wengi ni wale ambao wamekunja mkono miaka miwili bila kuona kitu, wakaamini miili yao ndiyo mibovu. Mwili haukuwa mbovu. Alikosekana mtu wa kuwaambia wasukume.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenyeviti wa serikali za mitaa na walimu wakuu, ninyi mnaonijia kuagiza magoli na milingoti ya bendera. Niagizeni na mabomba mawili sambamba na moja la kujivutia. Hayana sahani za kuibiwa, hayahitaji umeme, na bei yake inakaribiana na kopo moja la ule unga wa simba. Yawe na nafasi ya kama sentimita 55 kati yake, miguu izame kwenye zege angalau nusu mita, yapakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile ya kupendeza. Na bomba liwe la inchi moja na nusu. Fundi akiwaambia la robo tatu linatosha, mwambieni alining'inie yeye kwanza.